Nyimbo na Kumbukumbu za Watu na Mahali

Wimbo ni utungo wenye mahadhi ambao huimbwa kwa sauti, aghalabu ukiandamana na ala au makofi. Mojawapo ya dhima zake tunazozitaja darasani ni kuhifadhi kumbukumbu. Hata hivyo, si ajabu kumpata mtahiniwa akiandika, "Wimbo huhifadhi historia ya jamii," kisha akaiacha hoja hiyo ikining'inia bila uthibitisho. Je, historia ya nani? Imehifadhiwa vipi? Makala haya yanaonyesha jinsi wimbo unavyohifadhi kumbukumbu za mtu na mahali, na jinsi ya kulithibitisha jambo hilo.

Aina mbili za kumbukumbu

Kwanza, ipo kumbukumbu iliyomo ndani ya wimbo. Hii hudhihirika katika maneno: nafsineni humtaja mtu, mahali au tukio. Pili, ipo kumbukumbu aliyo nayo msikilizaji. Wimbo wa arusi waweza kumliza bibi aliyeketi kando kwa kuwa uliimbwa siku alipoolewa dada yake, ilhali maneno hayamtaji dada huyo hata mara moja. Kinachomgusa hapo ni mahadhi na muktadha wa uwasilishaji.

Ewe mtahiniwa, zitenganishe mbili hizi. Ukipewa wimbo uuchambue, jibu lako litokane na kumbukumbu ya kwanza. Ukiulizwa kuhusu nafasi ya hadhira au muktadha katika fasihi simulizi, hapo ya pili itakufaa.

Mbinu za kuhifadhi kumbukumbu

(i) Kutaja majina. Siti binti Saad (1880–1950), mwimbaji mashuhuri wa taarab kutoka Unguja ambaye nyimbo zake zilianza kurekodiwa katika santuri huko Bombay mwaka wa 1928, aliimba kuhusu Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam. Mauaji mengi ya zama hizo yamesahaulika. Haya yangali yanazungumziwa kwa sababu wimbo ulimtaja mhalifu kwa jina.

(ii) Kutaja vitu vya mahali. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir haishii kusema kwamba mji wa Pate umeanguka. Anataja taa zilizoyaangaza majumba, vidaka vya ukutani vilivyopangwa vyombo vya kaure ambavyo sasa ndege wamefanya viota, na popo wanaoning'inia. Msomaji ambaye hajawahi kufika Pate huiona. Ingawa huu ni utenzi, kumbuka kuwa tenzi pia hughaniwa, na mbinu hii ni ile ile ya nyimbo.

(iii) Takriri. Jina au kauli ikirudiwarudiwa, hukaa akilini. Kwa kuwa wimbo hupokezanwa kwa mdomo, takriri si pambo tu. Ndiyo huuwezesha kukumbukwa.

Mfano

Tuutazame wimbo huu mfupi uliotungwa kwa ajili ya makala haya:

Nekesa ee, mto Nzoia wakuulizia,
Mtungi wako ungali kivukoni.
Nekesa ee, mtama umeiva,
Nani atatuimbia tuvune?
Nekesa ee, njia yako yaota nyasi,
Wapitao hawalijui jina lako.

Huu ni mbolezi, yaani wimbo wa maombolezo. Nafsineni ni mtu aliyefanya kazi pamoja na marehemu; kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi katika "atatuimbia" na "tuvune" ni ithibati. Neno "atatuimbia" pia latufahamisha kwamba Nekesa ndiye aliyekuwa akiongoza hodiya, yaani nyimbo za kazi. Mahali panakumbukwa kupitia mto Nzoia, kivuko na njia. Mto umetashihishwa: unauliza kama binadamu. Mtungi ulioachwa ni taswira ya pengo lililobaki.

Jina nalo lina uzito. Katika jamii ya Waluhya, Nekesa ni jina la msichana aliyezaliwa wakati wa mavuno. Kwa hivyo, mtama unapoiva, msimu wenyewe unamkumbusha nafsineni jina la aliyeondoka.

Sasa uzingatie mshororo wa mwisho. Nafsineni analalamika kuwa wapitao hawalijui jina la marehemu, ilhali wimbo umeliita jina hilo mara tatu. Kila anayeuimba analitamka, hata kama hakumjua Nekesa. Hivyo ndivyo wimbo unavyohifadhi kumbukumbu, na hilo ndilo jibu ambalo mtahini angependa kulisoma.

Kwa mwalimu

Unapowatuma wanafunzi nyanjani, wasimwambie mzee, "Tuimbie wimbo wa zamani." Ombi hilo ni pana mno. Wamwulize kuhusu mtu au mahali: nani aliyekuwa akiongoza nyimbo wakati wa palizi? Mlipokwenda kisimani mliimba nini? Wataalamu wa saikolojia wamebainisha kuwa nyimbo za ujanani ndizo huamsha kumbukumbu nyingi zaidi kwa watu wazima. Basi waanzie kwenye ujana wake. Wanukuu maneno, tukio na majina yote, kisha wayahakikishe kwake kabla ya kuondoka. Mwimbaji akifa kabla ya kuulizwa, aliowataja katika nyimbo zake hufa mara ya pili.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya kumbukumbu iliyomo ndani ya wimbo na ile ya msikilizaji. (alama 4)
2. Kwa kurejelea wimbo uliotolewa, fafanua mbinu tatu zinazohifadhi kumbukumbu ya Nekesa. (alama 6)
3. Andika wimbo mmoja uimbwao katika jamii yako unaomtaja mtu au mahali. Onyesha kinachokumbukwa na jinsi kinavyokumbukwa. (alama 10)