Mbiu ya Ukutani: Matangazo ya Picha ya Mji wa Paris

Wazee walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mtu aisikiapo huweka jembe chini akatega sikio. Leo twapenda kuwaelezeni habari za mbiu ya namna nyingine, isiyolia wala kusikika, bali huonekana kwa macho tu: nayo ni tangazo la picha lililobandikwa ukutani. Tumechagua matangazo ya mji wa Paris, katika nchi ya Ufaransa, yaliyopigwa chapa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 kwa ajili ya nyumba za kabare. Kabare ni nyumba ya starehe ambamo watu huketi mezani, wakanywa na kuzungumza, huku waimbaji na wachezaji wakiwatumbuiza. Sisi si watu wa kusifu ulevi wala kukesha. Walakini fundi stadi hupatikana popote, na kazi iliyofanywa vema yastahili kuangaliwa, hata kama nyumba iliyoiagiza si ya kuingia kila mtu.

Jambo moja twataka mlishike tangu mwanzo. Msomaji wa kitabu huketi. Mpita njia hakai. Anakwenda sokoni au kazini, ana haraka, na pengine mvua yanyesha. Tangazo lisipomwambia habari yake kwa mara moja, amekwisha pita. Basi kazi kubwa ya mchoraji wa tangazo si kujua atie nini, bali ni kujua aache nini. Na kuacha ni kazi ngumu kuliko kuongeza. Mwalimu yeyote aliyesahihisha insha za wanafunzi atalishuhudia neno hili.

Kwanza tueleze jinsi picha hizo zilivyochapwa, maana bila ufundi huo zisingalikuwako. Mwaka 1796 hivi, mtu mmoja wa nchi ya Bavaria katika Ujerumani, jina lake Alois Senefelder, alianza kuvumbua njia ya kupiga chapa kwa jiwe. Asili ya njia hii ni jambo ambalo kila mpishi alijua: mafuta na maji hayapatani. Huchukuliwa jiwe la chokaa, zito na laini, likasuguliwa kwa mchanga na maji mpaka likawa sawasawa kabisa. Mchoraji huchora juu yake kwa kalamu yenye mafuta, sabuni na masizi. Kisha jiwe hupakwa gundi ya mti iliyotiwa maji makali kidogo, ili mchoro ushike na mahali palipo patupu pakatae mafuta. Baadaye hulowanishwa kwa maji, na gurudumu lenye wino wa mafuta hupitishwa juu yake. Palipo na maji, wino hukataa. Palipochorwa, wino hushika. Karatasi ikilazwa hapo na kushindiliwa kwa mtambo, picha imekwisha hamia.

Lakini angalieni taabu iliyomo. Kila rangi yataka jiwe lake. Kama picha ina rangi nne, mawe ni manne, na karatasi ile ile yapita mtamboni mara nne, nayo haina ruhusa kusogea hata upana wa ukucha, la sivyo wekundu wa mdomo utaangukia shavuni. Tena picha hutoka kinyume, kama uso katika kioo, hata mtu achoraye maneno juu ya jiwe hana budi kuyaandika kinyumenyume. Na kwa kuwa kila jiwe ni gharama na jasho, wachoraji walijifunza kutosheka na rangi chache.

Aliyeifikisha kazi hii mitaani ni Jules Chéret, aliyezaliwa Paris mwaka 1836. Baba yake alikuwa mpanga herufi wa kiwanda cha chapa, nao walikuwa maskini. Kijana huyu aliingia uanagenzi wa kupiga chapa kwa mawe akiwa na umri wa miaka 13. Baadaye alikaa Uingereza miaka kadha akifanya kazi na kujifunza, na mwaka 1866 alirudi Paris akafungua kiwanda chake mwenyewe. Matangazo aliyoyachora katika maisha yake yapita 1,000. Wasichana wake wacheka, nguo zao zapepea, na rangi zao za manjano na nyekundu zang'aa kama taa. Mwaka 1890 serikali ya Ufaransa ilimtunukia nishani ya heshima kubwa, kwa sababu aliingiza sanaa katika kazi za viwanda na biashara. Mtoto wa mpanga herufi alipewa nishani kwa makaratasi ya ukutani! Hapo watu walianza kufahamu kwamba barabara nayo yaweza kuwa nyumba ya picha kwa mtu asiye na fedha ya kununua hata moja.

Mambo mengine mawili yaliisaidia kazi hii. La kwanza ni mji wenyewe: katika miaka ya nyuma barabara pana zilikuwa zimekatwa, na nguzo za mviringo zilikuwa zimesimamishwa njiani makusudi kwa kubandikwa matangazo ya michezo. La pili ni sheria. Tarehe 29 Julai 1881 ilitolewa sheria ya uhuru wa kuchapa, na ndani yake watu waliruhusiwa kubandika matangazo kwa uhuru zaidi kuliko zamani, ila mahali palipokatazwa. Karatasi nyeupe yenye maandishi meusi iliachiwa serikali peke yake kwa matangazo yake. Hata leo mgeni apitaye Paris huweza kuona kuta zilizoandikwa kwamba ni marufuku kubandika, pamoja na tarehe ya sheria ile.

Mwaka 1889, tarehe 6 Oktoba, Charles Zidler na Joseph Oller walifungua nyumba ya ngoma chini ya kilima cha Montmartre, wakaiita Moulin Rouge, maana yake Kinu Chekundu. Juu ya mlango walisimamisha kinu cha upepo kilichopakwa rangi nyekundu, nacho hakikusaga hata punje moja. Tangazo la kwanza lilichorwa na Chéret. Mwaka 1891 walimtaka mtu mwingine achore jipya, naye ni Henri de Toulouse-Lautrec.

Huyu alizaliwa mwaka 1864 katika mji wa Albi, katika ukoo wa watu wakubwa sana. Lakini mifupa yake ilikuwa dhaifu. Alipokuwa na miaka 13 alivunjika mguu mmoja, na mwaka uliofuata akavunjika wa pili. Miguu haikukua tena, naye akabaki mfupi, akitembea kwa fimbo. Hakuweza kupanda farasi wala kuwinda kama wenzake wa ukoo ule. Akashika kalamu. Huko Montmartre aliketi usiku kucha akiwachora wachezaji na waimbaji, watu ambao wengi waliwashangilia usiku na kuwadharau mchana. Yeye hakuwadharau, wala hakuwapamba. Aliwachora kama walivyo.

Tangazo lake la kwanza lina urefu wa karibu mita 2, na nakala zake zilikuwa 3,000 hivi. Hebu tulitazame pamoja. Katikati mwanamke acheza, mguu mmoja ameuinua juu. Huyo ni Louise Weber, aliyejulikana kwa jina la La Goulue, yaani Mlafi, kwa sababu alizoea kumaliza vinywaji vilivyo mezani pa wageni. Mbele yake yuko mwanamume mrefu mwembamba mwenye kofia ndefu, mcheza ngoma aliyeitwa Valentin, naye amechorwa kama kivuli cha kijivu tu. Nyuma yao watazamaji ni weusi watupu, hawana macho wala pua. Na zile nguo nyeupe za ndani za mchezaji, ambazo jicho huzikimbilia kwanza, hazikupakwa rangi yoyote: ni karatasi yenyewe iliyoachwa ilivyo! Nalo jina la nyumba limerudiwa mara tatu, na herufi moja kubwa ya M yatosha kwa mistari yote mitatu.

Ujuzi wa kuacha namna hii Lautrec aliupata kwa sehemu kutoka mbali. Baada ya nchi ya Japani kufungua bandari zake kwa biashara ya mataifa, picha zilizochapwa kwa mbao zilifika Ulaya kwa wingi. Wajapani walichora kwa mstari mmoja safi, wakajaza rangi moja bila vivuli, na wakithubutu kumkata mtu kwa ukingo wa karatasi. Tazameni tangazo la mwaka 1893 la nyumba iliyoitwa Divan Japonais. Mbele ameketi Jane Avril, mcheza ngoma, amevaa nguo nyeusi, akitazama. Jukwaani yupo mwimbaji, lakini hana kichwa! Ukingo wa juu umekikata. Hata hivyo watu wa Paris hawakuuliza ni nani, maana mikono yake imevaa glavu nyeusi ndefu, na aliyevaa glavu hizo alikuwa Yvette Guilbert peke yake. Glavu zilitosha kuwa jina.

Si kila mtu aliyefurahi. Mwaka 1892 mwimbaji Aristide Bruant aliitwa kuimba katika nyumba iliyoitwa Ambassadeurs. Lautrec alimchora kwa joho jeusi, kofia pana na shali nyekundu shingoni, basi. Mwenye nyumba alipoliona tangazo lile alilichukia, akakataa kulitundika. Bruant akasema: lisipotundikwa, siimbi. Likatundikwa. Naye Guilbert alipochorewa tangazo na Lautrec mwaka 1894, hakulipokea. Sura ile haikumpendeza, na tangazo lake la mwaka ule likachorwa na Steinlen. Hapo twaona shida ya mchoraji mkweli: mmoja hupigania picha yake, na mwingine huikimbia.

Huyo Théophile Steinlen, mzaliwa wa Uswisi, mwaka 1896 aliichorea kabare ya Chat Noir, yaani Paka Mweusi, tangazo la safari yake. Humo mna paka mmoja mweusi, mkia umepindika, macho ya manjano yakukodolea. Hakuna mwimbaji, hakuna meza, hakuna kilevi. Paka tu. Na pengine hakuna tangazo la zama zile lililoenea duniani kuliko hilo.

Sasa kumbukeni kwamba makaratasi haya yaliandaliwa kuishi siku chache. Yalichapwa juu ya karatasi rahisi, yakapakwa gundi, yakanyeshewa, yakafunikwa na mengine. Lakini palitokea watu waliotoka usiku na maji na sponji, wakayabandua polepole kutani, na wengine waliwahonga wabandikaji wawauzie kabla hayajabandikwa. Wenye maduka ya picha wakaanza kuyauza. Kwa ajili ya wezi hao wapole, nakala chache zimehifadhiwa hata leo katika makumbusho, zimebandikwa juu ya kitambaa zisivunjike.

Na wale waliomo katika picha, je, waliishaje? Lautrec alikunywa kupita kiasi, akafa mwaka 1901, umri wake miaka 36. Mama yake aliitoa kazi aliyoiacha, na mwaka 1922 makumbusho yake yalifunguliwa mjini Albi. La Goulue, ambaye zamani alikuwa dobi, aliondoka Moulin Rouge mwaka 1895 kwenda kufanya michezo yake mwenyewe katika maonyesho ya mitaani. Haikufanikiwa. Uzeeni alionekana karibu na mlango wa nyumba ile ile iliyotajirika kwa mguu wake, akiuza karanga na sigara, na wapitao hawakumjua. Alikufa maskini mwaka 1929. Mwaka 1992 tu ndipo mifupa yake ilipohamishiwa makaburi ya Montmartre. Karatasi yake ilitunzwa. Yeye mwenyewe hakutunzwa.

Basi twarudi pale tulipoanzia. Tangazo hushinda kwa kile linachokiacha. Limeacha uso wa Valentin, limeacha kichwa cha Guilbert, nasi twaona vizuri zaidi. Lakini limeacha pia mgongo wa mtu aliyesugua jiwe, na njaa ya mwanamke aliyecheza. Mchoraji hana kosa. Ukuta ni mdogo, na mpita njia ana haraka. Kosa litakuwa letu tukidhani kwamba kilichoachwa hakikuwako. Kwa hiyo ninyi wanafunzi, siku mtakapoliona tangazo, liwe la sabuni, la sinema au la kitu chochote, simameni kidogo. Kwanza sifuni ufundi kama upo. Kisha jiulizeni: limetia nini, na limeacha nini? Mtu ajuaye kuuliza hivyo amekwisha jifunza kusoma mara ya pili.