Gari likikohoa, usikimbilie kununua vipuri

Ilikuwa Jumapili jioni, siku ya mwisho ya likizo ya Agosti. Tulikuwa tukirudi Nairobi kutoka Naivasha, mimi, mke wangu na watoto watatu, pamoja na sanduku la shule la kifungua mimba wetu ambaye alitarajiwa bwenini kesho yake. Tulipoanza kupanda mlima kutoka Mai Mahiu, gari lilianza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Nikikanyaga mafuta, linakohoa. Matrela yakatupita! Kwenye dashibodi, taa ya manjano yenye mchoro wa injini ikawa inawaka na kuzima.

"Baba, tutafika kweli?" akauliza kitinda mimba.

Tulifika, lakini usiku na kwa mwendo wa kobe. Kesho yake mtoto alienda shuleni kwa matatu na mama yake, nami nikamwita fundi wa mtaani. Alisikiliza injini kwa dakika moja tu, akatangaza kwamba injekta zote nne na pampu ya petroli sharti zibadilishwe. Bei aliyoitaja ilikaribia karo ya muhula mzima. Nilishika kichwa.

Rafiki yangu ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja katika barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan. Mzee huyo hakutaja kununua chochote. Aliuliza swali moja: "Ni silinda gani?"

Waama, hilo ndilo swali la kwanza ambalo kila mwenye gari anafaa kuuliza.

Ugonjwa wenyewe

Makanika husema injini "inamisi". Magari mengi madogo yana silinda nne. Ndani ya kila moja, petroli na hewa hubanwa, kisha plagi hutoa cheche na mchanganyiko huo ukawaka. Moja ikikosa kuwaka, hali huwa kama ya watu wanne waliobeba meza nzito kisha mmoja akaachilia. Meza itaendelea kwenda, lakini kwa kuyumba.

Silinda hukosa kuwaka kwa kukosa kimojawapo kati ya vitu vinne: cheche, petroli, hewa ya kiasi kinachofaa, au mbano. Basi kubadilisha injekta kabla ya kujua kinachokosekana ni kubahatisha, na anayelipia bahati hiyo ni wewe.

Mzee alichomeka mashine ndogo ya kusoma kompyuta ya gari. Ikaonyesha P0302. Tarakimu ya mwisho hutaja silinda: P0301 ni ya kwanza, P0302 ni ya pili. Ikiwa ni P0300, kosa linarukaruka kati ya silinda kadhaa. Hata hivyo, kompyuta hutaja tu chumba alimo mgonjwa, haitaji ugonjwa.

Jaribio lisilo na gharama

Gari letu lina koili moja juu ya kila plagi. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, mzee aliweka alama ya chaki kwenye koili ya silinda ya pili, akaibadilishana na ya tatu. Akafuta kumbukumbu ya kompyuta, tukaendesha gari kidogo. Mashine sasa ikasoma P0303. Kosa lilikuwa limemfuata mwenyewe! Koili ndiyo iliyokuwa mbovu. Lau kosa lingebaki kwenye silinda ya pili, angebadilishana plagi, kisha injekta, kwa njia iyo hiyo.

Hakuishia hapo. Alinionyesha tundu la plagi, nalo lilikuwa limejaa oili. Gasketi ya kifuniko cha juu cha injini ilikuwa imechakaa na kuvujisha oili iliyoiharibu koili. "Ukiweka koili mpya na kuiacha gasketi hii," akasema, "tutaonana tena kabla ya Krismasi." Nilinunua koili moja, gasketi moja na plagi nne. Karo ya mtoto haikuguswa.

Soma plagi zako

Plagi pia husema. Yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni nzima. Nyeusi yenye masizi huonyesha petroli imezidi au cheche ni dhaifu. Iliyolowa petroli haikuwaka kabisa. Nyeupe yenye malengelenge imepata joto kupita kiasi.

Jiulize pia ugonjwa ulianza lini. Ikiwa ni baada ya kuoshwa injini kwa maji ya kasi, huenda maji yameingia kwenye matundu ya plagi. Ikiwa ni punde baada ya kujaza tangi, shuku petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Kwa gari la zamani lenye distribyuta, kagua kifuniko chake na waya za plagi kama zina nyufa.

Cheche na petroli zikiwa sawa, basi pimisha mbano. Silinda yenye mbano hafifu hutiwa oili kidogo na kupimwa tena. Mbano ukipanda, ringi zimekwisha; usipopanda, shuku vali au gasketi ya silinda hedi. Hiyo sasa ni kazi kubwa, na afadhali uijue mapema.

Jambo la mwisho nililijua kwa kuchelewa. Taa ya injini ikiwaka bila kuzima, peleka gari likakaguliwe karibuni. Ikiwa inawaka na kuzima, punguza mwendo na usimame mahali salama. Petroli ambayo haikuwaka huenda kuungulia ndani ya chombo cha kusafisha moshi na kukiharibu, nacho ni ghali mno kuliko koili.

Kwa hivyo, fundi atakapokuambia ununue hiki na kile, mwulize kwa upole: ni silinda gani, na umejuaje? Anayejua kazi yake hatakasirika.