Sufuria ya Wote: Tunayojifunza kwa Watawa Wabenediktini



Ugomvi wa kikundi mara nyingi huanzia kwa kitu kidogo. Tuseme kikundi kimenunua sufuria kubwa tatu na viti vya plastiki, ili vikodishwe kwa harusi na matanga. Mwaka ukiisha, sufuria moja ina tundu, viti kadhaa havionekani, na hakuna anayejua ni nani alikuwa navyo mara ya mwisho. Watu wanaanza kusemana njiani. Mkutano unaofuata wanakuja watu saba tu, na mweka hazina si mmoja wao.

Katika kutembelea vikundi tumeona jambo hili mara nyingi, ndiyo sababu safari hii tunataka kuwaelezea watu ambao wamekaa na mali ya pamoja kwa muda mrefu sana. Hao ni watawa Wabenediktini wamisionari, na hasa vijana wao walio katika malezi. Shirika lao lilianzishwa Ujerumani mwaka 1884 na Padre Andreas Amrhein, na mwaka 1888 wa kwanza wao walifika pwani ya Tanganyika. Peramiho walianza mwaka 1898, Ndanda mwaka 1906. Wengine wenu mna vitabu vya dini vilivyopigwa chapa huko. Hapa Kenya wako Tigoni, karibu na Limuru.

Wanaongozwa na Kanuni ambayo Mtakatifu Benedikto aliiandika Italia katika karne ya 6. Ina sura 73. Ukidhani ni sala tupu utashangaa, maana ndani yake kuna habari za majembe, taulo, mikate, na nani aoshe nini.

Siku yao huanza alfajiri kwa masifu. Kuna Misa, chai, halafu kazi au darasa hadi sala ya adhuhuri. Chakula huliwa kimya huku mmoja akiwasomea wenzake, na msomaji hubadilishwa kila juma. Mchana ni kazi tena, jioni masifu, na usiku sala ya mwisho, kisha kimya. Kijana aliyemaliza sekondari akatazamia kuhubiri hujikuta ameshika ufagio, au yuko kwenye banda la ng'ombe. Wazazi wengine hulalamika: tulimtoa mtoto awe bruda, mbona anapalilia? Lakini hiyo ndiyo shule yenyewe. Mmisionari atatumwa mahali ambapo hakuna fundi wala mpishi. Peramiho na Ndanda zilijengwa na mabruda waliokuwa maseremala, waashi na makanika, na hospitali zikasimama kando ya kanisa.

Sasa tuingie jikoni. Sura ya 35 inasema watawa wahudumiane kwa zamu ya juma moja moja. Asamehewe mgonjwa au mwenye shughuli nzito ya nyumba, naye aliye dhaifu apewe wa kumsaidia. Siku hizi nyumba kubwa huwa na wapishi, lakini kuhudumu mezani na kuosha vyombo bado ni kazi ya zamu katika nyumba nyingi. Tunawaomba msome polepole hapa: Jumamosi, yule anayemaliza zamu hufanya usafi na kufua taulo. Yeye pamoja na anayeingia huwaosha wenzao miguu. Kisha humrudishia mtunza ghala vyombo vyote vikiwa safi na vizima, na mtunza ghala ndiye anayemkabidhi anayeingia, ili ajue ametoa nini na amepokea nini.

Angalieni vizuri. Vyombo havitoki mkono wa Petro kwenda mkono wa Yohana huko njiani, kama tufanyavyo sisi. Vinapita kwa mtu wa katikati anayehesabu. Sura ya 32 inaongeza kwamba abate awe na orodha ya vifaa vyote. Kwa kikundi cha kijijini, daftari moja linatosha.

Na kikivunjika? Sura ya 46 inasema aliyevunja au kupoteza kitu aende mwenyewe, mara moja, mbele ya abate na jumuiya, aseme. Akinyamaza na ijulikane kupitia kwa mwingine, adhabu yake ni kubwa zaidi. Sisi tunaona kuna busara nyingi hapo. Vikundi vyetu vingi vina faini moja tu ya chombo kilichopotea, awe aliyekuja kusema au aliyeficha. Sasa nani atakuja kusema?

Jambo lingine ni katiba. Novisi husomewa Kanuni nzima mara tatu katika mwaka wake wa majaribio: baada ya miezi 2, baada ya mingine 6, na baada ya mingine 4. Mara ya kwanza huambiwa kwamba akiona hawezi, mlango uko wazi, aende kwa amani. Je, katiba yenu iko wapi? Mara nyingi imefungiwa kwenye sanduku la karani, na mwanachama mpya huisikia siku anapotozwa faini.

Huo mlango ulio wazi si jambo dogo. Bagamoyo, mwaka 1868, mapadre wa Roho Mtakatifu chini ya Padre Antoine Horner walifungua misheni kubwa. Walikusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakitumaini kwamba kati yao watatoka familia za Kikristo, makatekista na hata mapadre. Kwa kutazama tu, ratiba yao ilifanana na ile tuliyoieleza: sala, darasa, shamba, karakana. Wakikua walioana na kupewa nyumba katika kijiji cha misheni, nao waliendelea kuifanyia misheni kazi. Wengine walishika imani hiyo kwa moyo. Lakini wengine walitoroka. Hatuwalaumu mapadre kwa kuwatoa watoto mikononi mwa wauza watu, ila watoto wale hawakuja kwa kuchagua kwao, na jembe lile lile ambalo kwa novisi ni huduma, kwao lilikuwa amri.

Tunalisema kwa sababu katika mikutano yetu "zamu" ya jikoni mara nyingi huwaangukia watu wale wale: wake wa vijana, walioolewa juzi. Hakuna aliyewauliza. Majina yao hayamo hata kwenye orodha ya wanachama, na gawio la mwisho wa mwaka hawalioni. Viongozi wa vikundi, liwekeni jambo hili kwenye ajenda, nao wenyewe wawepo wakati linazungumzwa.

Tumebakiza kipande kimoja cha sura ya 35. Benedikto anaagiza kwamba walio katika zamu wapewe mkate kidogo na kinywaji kabla ya wengine kula, zaidi ya fungu lao la kawaida, ili wahudumu bila manung'uniko. Siku ya mkutano ujao, wapakulieni wapishi kwanza. Ukoko wapewe wenyekiti.