Macho Yawe Barabarani

Tukitoka Machakos kwenda Nairobi, pale Kyumvi twaingia barabara kuu ya Mombasa yenye malori mengi. Matatu ikienda kilomita 80 kwa saa, yaani upeo wake kisheria, hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akisoma ujumbe wa simu kwa sekunde 5 tu, amekwisha kupita mita 110 bila kuona, kama urefu wa uwanja wa mpira. Huenda mtoto anavuka papo hapo. Kanuni za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000. Faini hulipika, uhai haulipiki. Basi sisi abiria tusinyamaze. Tumwambie kwa upole, “Ndugu dereva, simama kando kwanza, ndipo ujibu.”