Kompyuta Kuukuu Inapodai Idhini

Askari wa Kamembe, wilayani Rusizi, anunuaye kompyuta ya mapajani iliyokwisha tumika, aweza kuifurahia miezi kadhaa. Kisha, siku ya kuandika ripoti, kioo humwambia kwamba Windows haijaidhinishwa. Asikimbilie kumshika muuzaji.

Kwanza atazame saa. Ndani ya mashine nyingi mna betri ndogo mfano wa sarafu, itunzayo saa umeme uzimikapo. Ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na idhini hukwama. Abadili betri, asahihishe tarehe, ajaribu tena penye intaneti.

Msimbo ukiwa 0xC004F074, na saa ni sahihi, mara nyingi mashine inaitafuta seva ya ofisi iliyoimiliki zamani. Idhini ya namna hiyo hudumu siku 180 tu, na ofisi hiyo haitakuja Kamembe kuihuisha. Amri ya slmgr /dlv huonyesha aina ya idhini. Hata hivyo, mashine nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au ya baadaye zimehifadhi ufunguo wao wa herufi na tarakimu 25 katika ubao mkuu. Ukisakinisha upya toleo lile lile, huchukuliwa wenyewe. Ubao ukiwa ulibadilishwa, huenda ikalazimu kununua.

Ziko programu za kuvunja ufunguo, nazo aghalabu hutaka kwanza uzime kinga ya virusi. Afande, je, ungezima taa ya lindo kwa ombi la mtu usiyemjua, na majina ya mashahidi yamo ndani?