Hadithi ya vita ambayo mtoto wa Kasigau hajasomewa

Ukipanda matatu ya Taveta pale Voi, usilale ukishapita Maktau. Karibu na Taveta utaona kilima kidogo kilichosimama peke yake. Hicho ndicho Salaita. Tangu Agosti 1914 Taveta ilikuwa mikononi mwa Mjerumani, na Februari 12, 1916, jeshi la Mwingereza, likiwa na vijana wengi kutoka Afrika Kusini, lilikivamia kilima hicho likatimuliwa. Waliowatimua wengi walikuwa askari Waafrika wa upande wa Mjerumani.

Vita hivyo vilipata waandishi mapema. Kufikia 1919 vijana wa Uingereza walikuwa na Tom Willoughby's Scouts, hadithi ya vita katika Afrika Mashariki ya Mjerumani, iliyotolewa kwa jina la Herbert Strang. (Strang hakuwa mtu mmoja, walikuwa wawili wakitumia jina moja!) Wakubwa nao walipata An Ice-Cream War cha William Boyd mwaka 1982, na The Book of Secrets cha M. G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi, mwaka 1994. Boyd ana mambo ya chumbani, kwa hiyo mzazi asome kwanza. Vassanji mwanafunzi wa sekondari atamweza, na hadithi yake inaanzia huku huku mpakani.

Je, mtoto wa Kasigau asome nini? Mwaka 1915 Mwingereza aliwashtaki wazee wake kwamba wanamsaidia Mjerumani, akawahamisha hadi Malindi. Wengi walifia huko. Waliobaki waliruhusiwa kurudi katika miaka ya 1930, yaani aliyeondoka akiwa mgongoni mwa mama alirudi mtu mzima, mlima wao akiujua kwa kusimuliwa tu. Nionyeshe kisa cha Strang kinachoshinda hicho, na hakina haja ya bunduki hata moja!

Wapo pia wapagazi wa Carrier Corps, waliotuachia jina la Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Walibeba vyakula na risasi, na maradhi yaliwamaliza kuliko risasi zenyewe.

Basi wewe mwanafunzi unayesifiwa kwa insha, likizo hii chukua daftari uende Kasigau. Waamkue wazee kwanza, kisha uwaulize: siku ile ya kuondoka, kila mama alibeba nini?