Mtoto Akiomba Jambo, Mfundishe Kutoa Sababu



Tumezoea kusikia habari za malaria, kuhara, kifua kikuu na chanjo za watoto. Leo tuzungumzie jambo ambalo halina kidonge wala sindano, lakini linagusa afya ya vijana wetu kila siku. Nalo ni namna kijana anavyoomba kitu nyumbani, na namna sisi wazazi tunavyomjibu.

Katika familia nyingi za Mbulu na Hanang mambo huwa hivi. Kijana anataka simu, au anataka kulala kwa rafiki yake siku ya mnada, au anataka kuacha shule akaendeshe pikipiki. Anasema, "Nataka." Baba anajibu, "Hapana." Kijana ananuna, mama anajaribu kutuliza, na mazungumzo yanaishia hapo.

Kijana anayejibiwa hivyo kila mara hubakiwa na milango mitatu. Wa kwanza ni kunyamaza, asiseme tena lolote, hata akiumwa. Wa pili ni kudanganya. Wa tatu ni kutoroka. Sisi wauguzi huwapokea vijana waliopita katika milango hiyo yote. Yupo binti aliyeficha maumivu ya tumbo la chini kwa miezi mingi. Yupo mvulana aliyevunjika mguu usiku katika safari ambayo nyumbani hawakuijua. Yupo mtoto wa kike aliyekwenda mjini kufanya kazi za ndani akarudi na mimba. Wengi wao walikuwa na neno la kusema mapema, ila hawakujua waliseme vipi, au hawakuona mtu wa kuwasikiliza.

UMRI HUU UKOJE?

Shirika la Afya Duniani huwaita vijana balehe wale wenye miaka 10 hadi 19. Katika miaka hiyo msichana huvunja ungo na mvulana hubalehe. Mwili hukua haraka, na kila mzazi huliona hilo kwa macho. Kisichoonekana ni ubongo, ambao nao bado unajengwa. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima faida na hasara na kuzuia pupa, huendelea kukomaa mpaka mtu anapopita miaka 20. Lakini sehemu zinazohusika na hisia, hamu na furaha ya kuwa pamoja na wenzake zimekwisha kuchangamka.

Ndiyo maana kijana hutaka jambo kwa nguvu kabla hajalifikiria vizuri. Huo si ugonjwa, wala si lazima uwe utovu wa adabu. Kama mguu unavyopata nguvu kwa kutembea, akili ya kupima mambo hupata nguvu kwa kutumiwa. Na mahali salama pa kuizoeza ni nyumbani, mbele ya watu wanaompenda, kabla hajafika kilabuni ambako rafiki atamsukumia kikombe cha gongo.

Mtoto aliyezoea kuulizwa "kwa nini?" na baba yake ataweza naye kumwuliza rafiki, "Kwa nini ninywe?" Binti aliyezoea kusema neno lake mbele ya wazazi atakuwa na ujasiri wa kusema "hapana, na sababu yangu ni hii" mbele ya mwanamume anayemdanganya kwa zawadi.

JE, HII SI KUMFUNDISHA MTOTO UBISHI?

Baadhi ya wazazi watauliza hivyo, na swali lao ni la haki. Sisi watu wa huku tunathamini heshima. Lakini tukumbuke kwamba wazee wetu, Wairaqw na Wadatoga pia, hawakuwahi kuamua jambo kubwa kwa amri ya mtu mmoja. Huketi kikao, kila mmoja husema kwa zamu, hoja hupimwa, kisha hufikiwa uamuzi. Miongoni mwa Wabarabaig hata wanawake wana baraza lao, ambalo huweza kumtoza faini mwanamume aliyewakosea. Kutoa hoja basi si jambo la kigeni kwetu. Ila tumeliacha kwa watu wazima tu, tukadhani mtoto atalijua mwenyewe siku akiota ndevu.

Ubishi ni kurudia neno lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Hoja ni kueleza sababu kwa adabu, kumsikiliza mwenzako, na kukubali kwamba unaweza kuambiwa hapana. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka shule zetu zimjengee kila mtoto akili ya kuuliza na kupima. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake.

Maandiko Matakatifu nayo yanatupa mifano. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wakuu wote. Baba yao amefariki bila mtoto wa kiume, nao wakaeleza kwa nini wanaomba urithi. Musa hakuwafukuza. Alipeleka shauri lao mbele ya Mungu, na Mungu akasema wamesema haki.

Katika Danieli, sura ya 1, kijana Danieli hakutaka kujitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Hakugoma wala hakutukana. Alimwomba mkubwa wake kwa adabu. Mkubwa yule aliogopa kwamba vijana watadhoofika na mfalme atamwadhibu. Danieli hakuidharau hofu hiyo, bali aliijibu: tujaribu siku 10 kwa mboga na maji, kisha utuangalie, uamue mwenyewe. Kijana yeyote wa parokia anaweza kujifunza kwa Danieli mambo manne: kuomba kwa heshima, kuwa na sababu, kuijibu hofu ya mkubwa, na kupendekeza majaribio ya muda mfupi.

MASWALI MATANO

Mtoto wako akikuletea ombi, usikimbilie "ndiyo" wala "hapana." Mpe maswali haya matano, na umpe siku mbili au tatu za kuyafikiria.

1. Unataka nini hasa?
2. Kwa nini unakitaka?
3. Kitagharimu nini, na nani atalipa?
4. Kina hatari gani, nawe utajikinga vipi?
5. Nikikataa, kuna njia gani ya katikati?

Tuchukue mfano wa kutunga, ingawa mambo kama haya yanatokea vijijini kwetu. Mvulana wa kidato cha pili anamjia baba yake jioni, ng'ombe wakiwa wamekwisha kuingia zizini.

"Shikamoo baba. Naomba kuzungumza nawe."

"Marahaba mwanangu. Keti, useme."

"Baba, naomba niache shule niendeshe pikipiki."

"Nimekusikia. Unataka pikipiki, au unataka fedha?"

Kijana ananyamaza kidogo. "Nataka fedha, baba. Sare yangu imechanika, na nikiomba daftari naona mama anahangaika."

"Haya. Nenda kituoni ukawaulize madereva. Kwa siku wanapata kiasi gani? Wanapeleka hesabu kiasi gani kwa tajiri mwenye chombo? Mafuta je? Na dereva akianguka, nani anamtibu? Uandike. Jumapili baada ya Misa tutaongea tena."

Jumapili kijana anarudi na karatasi yake. Ameona kwamba ukitoa hesabu ya tajiri, mafuta na matengenezo, kinachobaki ni kidogo. Ameambiwa pia kwamba dereva mmoja yuko kitandani na mguu uliovunjika, wala hana kipato. Kwa hiyo amebadilisha ombi: apewe kipande cha shamba kule bondeni alime vitunguu swaumu kwa msimu mmoja, akifanya kazi baada ya masomo na siku za Jumamosi. Baba anakubali, kwa sharti kwamba alama za darasani zisishuke. Msimu ukiisha wataketi tena.

Baba huyu hakupoteza heshima yake. Zaidi ya hayo amejua jambo ambalo asingelijua kwa kusema "hapana" tu, kwamba mwanawe alikuwa anaona aibu kwa ajili ya sare.

MZAZI NAYE ATOE SABABU

Kumsikiliza mtoto si lazima kumkubalia. Mzazi ana haki na wajibu wa kukataa jambo la hatari. Lakini akikataa, aseme sababu. "Hapana, kwa sababu njia ile haina watu usiku, nami siwezi kukufikia ukipata shida" ni jibu ambalo kijana anaweza kulibeba moyoni. "Hapana, kwa sababu mimi ni baba yako" halimfundishi kitu cha kumlinda siku baba hayupo. Mtume Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa (Kol 3:21).

Tena mzazi ajihadhari na mambo haya: asimcheke mtoto anayejaribu kueleza, asimpige kwa sababu ya swali lililoulizwa kwa adabu, asiahidi asichoweza kutimiza, wala asiitangaze siri ya mtoto kwa majirani. Mtoto akichekwa mara moja kwa swali la damu ya hedhi, hatauliza la pili.

MAMBO AMBAYO HAYANGOJI HOJA YA MTOTO

Kuna mambo ambayo binti hapaswi kuachiwa mzigo wa kujitetea peke yake, kwa kuwa ni wajibu wetu wakubwa kumlinda.

La kwanza ni ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba mkoani Manyara wanawake 58 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Katika utafiti wa mwaka 2022 walikuwa 43. Tumesogea, lakini bado ni wengi mno. Ukeketaji huleta kutoka damu nyingi, maambukizo, na shida wakati wa kujifungua. Tangu mwaka 1998 sheria inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18.

La pili ni kumwoza mtoto. Utafiti huo wa 2022 ulionyesha kwamba nchini Tanzania wasichana 22 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 wamekwisha kupata mimba. Mwili wa mtoto haujawa tayari kuzaa: nyonga ni nyembamba, uchungu hukawia, kifafa cha mimba hutokea zaidi, na wengine hubaki na fistula, yaani mkojo au kinyesi kutoka bila kuzuilika. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, huku mvulana akingoja 18. Mwanasheria Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani na hoja iliyo wazi: kwa nini mtoto wa kike asilindwe kama wa kiume? Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo. Hoja nzuri ikitolewa kwa utaratibu hufika mbali.

Basi binti akisema, "Baba, naomba nisiolewe sasa, nimalize kidato cha nne," tusimwone mkaidi. Ada ya shule za serikali iliondolewa mpaka kidato cha nne tangu mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Hata binti aliyekwisha kujifungua ameruhusiwa tangu Novemba 2021 kurudi shuleni. Binti huyo ana sababu, nasi tuzipime.

NYUMBANI WAKISHINDWANA

Wakati mwingine mzazi na kijana hawaelewani kabisa. Hapo kijana amtafute mtu mzima wa kumsindikiza: shangazi, mjomba, bibi, msimamizi wake wa ubatizo au wa kipaimara, mwalimu, katekista au padre. Kama kuna hatari ya kukeketwa, kuozwa, kupigwa au kunajisiwa, kuna afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, na simu ya bure namba 116 kwa ajili ya watoto.

Wazazi wapenzi, anzeni na jambo dogo wiki hii. Mtoto akiomba viatu au ruhusa ya kwenda kwaya, mwulize sababu, kisha umsikilize mpaka amalize. Akizoea kueleza madogo, siku moja ataweza kuwaeleza lile kubwa ambalo afya yake yote inalitegemea. Mungu azibariki familia zenu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Katika nyumba zetu, ni mambo gani vijana huogopa kutuambia? Kwa nini?
2. Tunamfundishaje mtoto kutofautisha ubishi na hoja?
3. Je, katika Jumuiya yetu yupo mtu mzima ambaye kijana mwenye shida anaweza kumwendea?